Siku Jiwe Lilipolia Bila Wingu

Redio ya ofisi ya walimu pale shuleni kwetu Bariadi huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, na katikati hakuna anayeisikiliza. Siku ile ilisikilizwa. Mtangazaji alitaja kata yetu, akataja kilima chetu, akasema kimekubaliwa kuwa Urithi wa Dunia. Mwalimu wa jiografia akaweka kikombe chake cha chai mezani, akanigeukia.

"Si ndiko kwenu huko?"

Nikasema ndiko. Basi wakaanza kunipa mikono, mmoja akitoka mwingine anaingia, na mkuu wa shule akasema Jumatatu niandae maneno machache mbele ya wanafunzi. Niliitikia kila mkono. Kisha nikatoka hadi bombani, nikanawa chaki iliyokuwa imeshatoka tangu kipindi cha asubuhi. Nilijisikia kama mtu anayepongezwa msibani.

Wewe nitakusimulia, maana wao sikuweza. Furaha yao ilikuwa ya kweli na sikutaka kuwaharibia.

Nyumba ya bibi ilikuwa chini ya kilima, upande wa mashariki, ndani kabisa ukishaiacha lami ya Lamadi na kupita mashamba ya Mwamanyili. Nililelewa pale hadi nilipomaliza shule ya msingi. Kilima chenyewe ni mawe matupu, makubwa, yamelaliana kama magunia ya pamba yanayosubiri lori, na begani pake pana jiwe moja bapa, pana kiasi kwamba kijiji kizima kilianika viazi juu yake na bado sisi watoto tukabaki na mahali pa kukimbizana. Wakati wa kiangazi huko ndiko tulikoishi. Alfajiri bibi alinigusa mguu, tukaenda shambani kuchimba viazi udongo ungali na ubaridi, tukavibeba, tukavimenya uani huku utomvu ukitugandisha vidole na kutuachia weusi usiotoka hata kwa majivu. Vingine tulivikata vibichi, hivyo ni michembe. Vingine tulivichemsha kwanza ndipo tukavikata, na hayo ni matobolwa. Halafu tulipanda navyo kilimani, ungo kichwani, tukavitandaza kipande kimoja kimoja.

Ukitaka kujua harufu ya utoto wangu, ni ile ya viazi vinavyokauka juu ya jiwe la moto saa ya mchana. Ni utamu wenye vumbi kidogo ndani yake. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza mbuzi na kunguru, na katikati tulicheza bao kwenye vishimo vilivyochongwa juu ya jiwe na watu ambao hata bibi hakuwajua. Njaa ikituuma tuliiba kipande kilichokauka nusu, kinachotafunika kama ngozi, tukakinyonya mpaka kilainike. Jioni kulikuwa na ugali wa mtama na nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, au dagaa wa wale akina mama waliokuja na ndoo zao kutoka Lamadi. Matobolwa yalisubiri miezi ya njaa, wakati ghala linapobaki na vumbi na mahindi mapya bado mabichi shambani. Bibi aliyachemsha na karanga, akayapozesha, tukayala na maziwa mgando. Hakuna nyumba kijijini iliyovuka miezi ile bila michembe na matobolwa.

Ukingoni mwa jiwe bapa palikuwa na jiwe jingine, refu kama ng'ombe aliyelala, limeegemea mengine mawili kiasi kwamba chini yake upepo ulipita. Mgongoni lilikuwa na mabonde madogo laini, yaliyochimbwa na mikono ya watu wa miaka mingi waliolipiga kwa jiwe dogo mahali pale pale. Ukiligonga lililia. Sikudanganyi, lililia kama kile kipande cha reli kinachoning'inizwa shuleni badala ya kengele, ila sauti yake ilikwenda mbali zaidi na ilikaa zaidi hewani.

Mwenye kulipiga alikuwa jirani yetu. Wakati ule alikuwa mke kijana, mrefu, na nyumba yake ilikuwa juu kuliko zote, kwenye mwanya kati ya mawe, mahali pekee ambapo mtu aliona pande zote mbili. Sisi tuliokuwa mashariki tukichuma pamba hatukuliona ziwa lililo upande wa magharibi, kilima kilitukinga. Na mvua ya kiangazi, ile isiyotarajiwa, hutoka ziwani, inakuja kimya nyuma ya kilima na kukumwagikia kabla hujajua. Kwa hiyo yeye akiliona wingu linapanda kutoka ziwani, aliacha alichokuwa anafanya, akaenda kulipiga jiwe haraka haraka. Kijiji kizima kilielewa. Wanawake waliacha pamba ilipo, wakafunga kanga, wakakimbia. Bibi yangu, aliyetembea kwa kuvuta mguu siku zote, siku ya jiwe alinipita njiani.

Tulizoa kwa ungo, kwa magunia, kwa vitenge tulivyovivua viunoni. Hakuna aliyeuliza hivi ni vya nani, ulizoa kilichokuwa karibu yako. Matone ya kwanza yakianguka, jiwe lilitoa mvuke, na sisi tulikuwa tumeshajazana ndani kwa jirani, tumelowa migongo tu, tunacheka, huku michembe ya kijiji kizima ikiwa imerundikwa kitandani kwake. Baadaye kila mtu alipewa sehemu yake kwa kukadiria, na aliyekuwa na watoto wengi alikadiriwa vizuri. Bibi alizoea kusema, "Mwaka huu tumekula kwa sababu ya masikio."

Kwa Kisukuma mama mzazi tunamwita mayu, na kwa heshima hata mama asiyekuzaa huitwa hivyo. Jirani yule nilimwita mayu tangu nimeanza kusema, na bado namwita.

Bibi alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Nikapangiwa Bariadi, nikaolewa, nikawa mtu wa kwenda kijijini wakati wa likizo. Lakini nilikisimulia kilima kwa kila mtu. Ndiyo maana mtaalamu wa mambo ya kale alipofika mkoani kuulizia mawe yanayolia, watu walimleta kwangu.

Alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mpole, anayesikiliza mpaka unamaliza. Sitakwambia alikuwa mtu mbaya, kwa sababu hakuwa. Alinieleza kwamba mahali hapaingii katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa uzuri wake tu. Kwanza nchi yenyewe hukiweka kitu chake kwenye orodha ya kusubiri. Kisha lazima ionyeshe kwamba kikipotea, hasara si ya kijiji wala taifa peke yake, ni ya binadamu wote. Kinalinganishwa na vingine vya aina yake duniani. Mipaka inachorwa, na nje ya mipaka linaachwa eneo la kukikinga. Inatakiwa sheria ya kukilinda, na mpango wa kukitunza, na wenyeji wakubali. Baada ya hapo wakaguzi wanakuja kutoka nje kuona kwa macho yao, na mwisho kamati ya nchi nyingi inakaa na kuamua.

"Na haya yote yanahitaji mtu wa kueleza," akasema. "Mtu aliyeishi pale."

Nilieleza. Alinirekodi mchana kutwa, na nikarudi tena kesho yake bila kuitwa, kwa sababu nilikumbuka mengine usiku. Nilimweleza utomvu wa viazi, vishimo vya bao, mvuke wa jiwe, bibi akinipita njiani. Machozi yalinitoka na yeye pia yalimlengalenga. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Niliona kwamba bibi yangu hatapotea.

Mkutano wa kijiji ulifanyika kwenye ghala la pamba, msimu ukiwa haujafunguliwa. Watu walikaa juu ya marobota ya magunia matupu. Mtaalamu alizungumza Kiswahili, na kwa ajili ya wazee mimi nikatafsiri kwa Kisukuma. Alipomaliza, jirani akasimama. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, lakini urefu wake ulikuwa ule ule.

"Michembe tutaanika wapi?"

Nilitafsiri. Mtaalamu akajibu, "Matumizi ya jadi yataendelea, ila kwa utaratibu."

Nilitafsiri na hilo la utaratibu. Sikuficha neno. Lakini jirani alikuwa hamtazami mtaalamu tena, alinitazama mimi.

"Wewe umelelewa hapa," akasema. "Unaonaje?"

"Ni jambo jema, mayu," nikamwambia. "Kilima kitatunzwa."

"Basi," akasema, akakaa. Na waliokuwa wameinua mikono kuuliza, wakaishusha.

Ule utaratibu ulikuja polepole. Kwanza waya ulizungushwa. Kisha akawekwa mlinzi, mtu wa kijiji hicho hicho, aliyekuwa anaona haya kutuzuia. Tukaambiwa utomvu wa viazi unaziba vishimo vya kale na mbuzi wanaokifuata chakula wanabomoa kingo. Tukaambiwa kila pigo linamega mabonde yale madogo mgongoni mwa jiwe, ambayo ndiyo ushahidi wenyewe. Hoja hizo zilikuwa za kweli, na nilizieleza mwenyewe kwa wanawake walioniuliza. Wao wakahamia chini, wakaanika kwenye maturubai majumbani. Turubai halina joto la jiwe, linatunza unyevu kwa chini, na michembe inapata ukungu usipoigeuza mara kwa mara. Nilipokwenda likizo nilionyeshwa iliyokuwa na madoa meusi. Nilisema watazoea.

Halafu wakaguzi wakaja. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba, na mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Mtaalamu alinivuta pembeni, akaniambia wageni wangependa kulisikia jiwe, mara moja tu, na kwamba ruhusa maalumu imetolewa. Akaniomba nimwombe mayu alipige.

Nilimkuta uani kwake anapepeta mtama. Nilimsalimu, nikakaa, nikamwambia. Akasimamisha ungo.

"Wingu liko wapi?"

"Hakuna, mayu. Ni kuwaonyesha wageni tu."

"Nikilipiga watu watakuja."

"Mwenyekiti amewatangazia."

Kweli mwenyekiti alikuwa ametangaza, jana yake, sokoni. Mashamba ya mbali hayakusikia. Jirani akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Unaniomba wewe?"

"Ninakuomba mimi."

Alipanda. Mlinzi akafungua waya. Wageni walikuwa wamesimama na kamera zao, na mmoja, mzee mwenye kofia pana, alishika chombo cha kurekodi sauti. Jirani aliokota jiwe dogo, akalipima mkononi, akaanza. Haraka haraka, kama nilivyolijua, maana hakuna namna nyingine aliyowahi kulipiga. Sauti ile ilinipita mwilini. Kwa kitambo kidogo nilikuwa na miaka ya kukimbizana na mbuzi, nikalia mbele za watu.

Kisha tukawaona. Walitoka mashambani upande wa mashariki, mmoja, kisha watatu, kisha wengi, wakiruka matuta. Kwa kuwa walijua kulipiga jiwe kumekatazwa, walifikiri mayu amevunja amri kwa sababu ya jambo kubwa kuliko mvua ya kawaida, kwa hiyo walikimbia kuliko zamani. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni, ameshika kichwa cha mtoto kisigonge. Mmoja alikuwa ameanguka, goti linatoka damu. Baadhi walipitia majumbani kwanza, wakazoa michembe kwenye maturubai, wakaja nayo vichwani wakitafuta pa kuificha. Walipofika kwenye waya walisimama, wanahema, wanatazama juu, wanatutazama sisi.

Wageni walianza kupiga makofi. Mzee mwenye kofia alikuwa na machozi. Alisema kwa lugha yake, na mtaalamu akatugeuzia kwa Kiswahili, kwamba hiki ndicho walichotamani kukiona, urithi ambao bado unaishi.

Mwanamke mwenye goti la damu alimuuliza jirani kwa Kisukuma. Mgeni akataka kujua amesema nini.

"Anauliza mvua iko wapi," nikasema.

Mgeni akacheka kwa upole, akatikisa kichwa kwa kuvutiwa. Nadhani alifikiri ni sehemu ya maonyesho. Jirani aliliweka jiwe dogo chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akashuka bila kumtazama mtu. Wanawake walimpisha njia.

Gari la wageni lilikuwa na nafasi ya kufika Bariadi, nikapanda. Nilikuwa na vipindi asubuhi. Baadaye ndipo niliposikia kwamba jioni ile mayu alipita nyumba kwa nyumba, akisimama mlangoni pa kila mmoja, akiomba radhi kwa kuwaita bure. Alikwenda peke yake.

Haikupita muda, mvua ya kweli ikaja. Mlinzi ndiye aliyenisimulia. Wingu lilipanda kutoka ziwani, jeusi, na yeye mwenyewe alimwita jirani, akamfungulia waya, akamgeuzia mgongo. "Piga, mayu," alimwambia. "Mimi sijaona kitu." Akalipiga. Alilipiga mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mkono. Chini kule wanawake waliinua vichwa. Mlinzi alisema aliwaona wazi, wameshika viuno, wanatazama kilimani. Baadaye aliambiwa kwamba mmoja wao alisema wageni wamekuja tena. Wakainama, wakaendelea kuchuma pamba.

Michembe ililowa yote. Karibu kila nyumba. Walijaribu kuianika upya, ikafunga ukungu, mingine wakawapa ng'ombe, mingine wakaila hivyo hivyo miezi ya njaa ilipofika. Hakuna aliyekufa. Nasema hivyo kwa haraka kwa sababu ndilo jambo ninalojiambia mara kwa mara. Lakini watoto walikuja shule matumbo matupu, na mwalimu mwenzangu anayefundisha kule aliniambia walikuwa wanasinzia dawatini kabla ya mapumziko.

Kilima kimeingia kwenye orodha. Barabara imechongwa, vijana wachache wamepata kazi ya kuongoza watalii wanaopita Lamadi kuelekea Serengeti, na picha ya wanawake wanaokimbia imetundikwa ukubwa wa ukuta kwenye nyumba ya kupokelea wageni. Ni picha nzuri sana. Mambo haya ni mema, na siwezi kusema ni afadhali yasingekuja. Ila naujua uso wa kila mwanamke aliye pichani, na najua walikuwa wanaogopa nini.

Jumatatu nilisema maneno machache mbele ya wanafunzi, wakapiga makofi. Jumamosi yake nikaenda kijijini.

Mayu alinipokea kama siku zote. "Mwadila," nikamsalimu, akaitikia, akaniulizia watoto, akaniulizia mume, akanitilia ugali. Nilijaribu kumwambia nilichotoka nacho Bariadi. Nilianza mara mbili. Mara ya pili alisogeza bakuli la mboga karibu yangu, akasema, "Kula, inapoa." Sikujua kama ananisamehe au ananinyamazisha, na hadi leo sijui.

Tulipomaliza aliniomba nimpeleke langoni. Kuna bango jipya, la chuma, na yeye hasomi. Alitaka nimsomee kilichoandikwa kuhusu jiwe lake. Tulikwenda polepole, akishika mkono wangu. Nikasimama mbele ya bango, nikaanza kusoma kwa Kiswahili, kisha nikamgeuzia kwa Kisukuma.

"Wakazi wa eneo hili walianika vyakula vyao juu ya mwamba huu, na walipiga jiwe hili kuitana mvua ilipokaribia."

Aliniacha nimalize.

"Walianika," akasema. "Walipiga. Ni akina nani hao?"

Maneno yale niliyajua. Yalikuwa yangu, nimeyasema mbele ya kinasa sauti nikiwa na machozi ya furaha, karibu neno kwa neno. Nilikuwa nasimulia utoto wangu, na utoto ni jambo lililokwisha, basi nilisimulia kama jambo lililokwisha. Walionisikiliza wakaandika hivyo. Kumbe wakati huo nasimulia, safari ya gari tu kutoka pale nilipokaa, viazi vilikuwa juu ya jiwe, na mama huyu alikuwa mlangoni kwake anatazama ziwa.

"Ni ninyi, mayu," nikamwambia.

Alilitazama bango muda mrefu, herufi asizozijua. Kisha akaniachia mkono, akageuka kurudi nyumbani kwake, akitangulia yeye.